Niache chapati kabla ya kupima seliaki? Jibu kwa mwalimu wa Arua

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Arua, Uganda, nina umri wa miaka 31. Kwa muda mrefu tumbo limekuwa likinijaa gesi, naharisha mara kwa mara, na damu yangu iko chini hata nikimeza vidonge vya madini ya chuma. Nimetibiwa taifodi na minyoo zaidi ya mara moja. Dada yangu anayeishi Uingereza amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa seliaki, na daktari wake amesema sisi ndugu zake tupimwe. Niliposikia hivyo niliacha chapati na mkate. Sasa ni wiki ya tatu na ninaona nafuu kidogo. Je, bado nahitaji kupima? Nikikutwa nao, nitakula nini hapa Arua, na nitafanyaje kuhusu Ekaristi, kwa kuwa mimi ni Mkatoliki?

Jibu: Mwalimu, ndiyo, bado unahitaji kupima, na jambo la kwanza ninalokuomba ni urudie kula chapati na mkate mpaka vipimo vimalizike. Najua ombi hili ni gumu kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza kupata nafuu. Hata hivyo, vipimo viwili vikuu vya seliaki, cha damu na cha utumbo, havitafuti kijidudu. Vinatafuta athari za gluteni, protini ya ngano, mwilini, na athari hizo huanza kufifia pale gluteni inapokoma kuingia. Mwenye ugonjwa huu aliyeacha ngano kwa miezi kadhaa anaweza kupimwa, akaambiwa hana kitu, na akaishi na jibu hilo lisilo la kweli kwa miaka.

Wiki tatu si nyingi, na huenda alama za ugonjwa, kama upo, bado zingeonekana, lakini sikushauri ubahatishe. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza unataka mtu ale chakula chenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki sita, ndipo apimwe. Kwako wewe maana yake ni vipande viwili vya mkate asubuhi, ambavyo vina takriban gramu 4 za gluteni, na chapati moja mchana au jioni. Dalili zikirudi kwa nguvu kiasi cha kukuzuia kuingia darasani, usijikaze peke yako. Mweleze daktari, kwa kuwa kwa mtu asiyeweza kuvumilia, miongozo mingine inakubali gramu 3 kwa siku kwa muda mfupi zaidi, hata wiki mbili.

Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo wa mwenyewe kila gluteni inapopita. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, na ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijinyama vidogo vilivyosimama kama vidole, na kazi yake ni kufyonza chakula. Katika seliaki vijinyama hivyo hulika taratibu mpaka utando unabaki bapa. Sehemu inayoathirika zaidi ni ile ya mwanzo, inayoanzia tumboni, na hapo hapo ndipo madini ya chuma hufyonzwa. Ndiyo maana wapo wagonjwa ambao hawaharishi kabisa, ila wana upungufu wa damu usiosikia vidonge, na maelezo yako kuhusu damu yamenishughulisha zaidi kuliko maelezo ya gesi.

Kitu cha pili kilichonishughulisha ni dada yako. Seliaki hufuata ukoo, kwa sababu karibu wagonjwa wote wana mojawapo ya jeni mbili zinazojulikana kwa majina ya HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Kwa jumla, katika nchi zilizochunguzwa vizuri, takriban mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu, lakini kwa mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wa mgonjwa, uwezekano hupanda hadi takriban 1 kati ya 10. Usikubali kuambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kuripotiwa ilipatikana Afrika, kwa watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, ambako zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nao. Kusini mwa Sahara umechunguzwa kidogo mno, na daktari ambaye hajawahi kukutana nao hatauwazia asipokumbushwa. Kwa hiyo, unapokwenda kwa daktari wako, anza na habari ya dada yako kabla hujataja tumbo.

Pamoja na hayo, hesabu ya 1 kati ya 10 ina upande wake wa pili: kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba huna seliaki, na kwamba kinachokusumbua kina jina jingine. Unaishi West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako kichocho cha utumbo kimeenea sana kandokando ya Mto Nile na Ziwa Albert, na kichocho huleta maumivu ya tumbo, kuharisha na kupungukiwa damu. Safura hunyonya damu kimyakimya. Jiadia, kimelea kinachopatikana katika maji yasiyochemshwa, huleta gesi na kuharisha kunakofanana mno na seliaki. Virusi vya Ukimwi na kifua kikuu cha utumbo lazima viangaliwe. Damu nyingi ya hedhi peke yake inaweza kueleza upungufu wa damu kwa mwanamke wa umri wako. Hata ile nafuu uliyoipata ulipoacha chapati haithibitishi kitu, kwa sababu ngano ina pia aina ya wanga unaochacha tumboni na kuleta gesi kwa watu wengi wasio na seliaki, na chapati za mtaani huja na mafuta mengi ambayo nayo hulemea tumbo.

Kuhusu taifodi uliyotibiwa mara kwa mara, nasema hili kwa uzito: kipimo cha Widal, ambacho bado kinatumika katika kliniki nyingi nchini, mara nyingi huonyesha taifodi kwa mtu asiye nayo. Ukiambiwa tena una taifodi bila homa, uliza kama damu inaweza kuoteshwa maabara, yaani kuangaliwa kama vijidudu vya taifodi vitakua kutoka humo, kabla ya kumeza dawa nyingine.

Kwa hiyo, katika wiki hizi sita ambazo unaendelea kula ngano, fanya kwanza vipimo vilivyo karibu nawe. Peleka choo kipimwe kwa siku tofauti, si mara moja tu, ukitaja waziwazi kichocho, safura na jiadia. Pima virusi vya Ukimwi. Pima wingi wa damu pamoja na akiba ya madini ya chuma. Kichocho kikionekana, dawa yake ya prazikwanteli hutolewa kwa gharama ndogo au bure, na huenda safari yako ikaishia hapo kwa upande wa dalili. Bado lakini ningekutaka upime seliaki mara moja kwa ajili ya ukoo, kwani mtu anaweza kuwa na kichocho na seliaki kwa pamoja.

Kipimo cha damu cha kuanzia ni cha kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na kinga ya mwili, za aina ya tTG-IgA, na katika fomu hiyo hiyo daktari aandike pia jumla ya IgA, yaani kiasi chote cha kingamwili za kundi hilo. Usiache hilo la pili. Wapo watu wasiotengeneza IgA ya kutosha, na hali hiyo huonekana zaidi kwa wenye seliaki kuliko kwa watu wengine. Mtu wa namna hiyo atapata jibu la kawaida katika tTG-IgA ilhali ni mgonjwa, mpaka apimwe kwa kingamwili za aina ya IgG. Damu hutolewa mkononi kama kawaida, na huhitaji kukaa na njaa. Kipimo hiki hakipatikani katika kila maabara. Maabara kubwa za binafsi Kampala hukipokea, na baadhi hutuma sampuli nje ya nchi, hivyo uliza bei na muda wa majibu kabla hujasafiri. Usitoe pesa zako kwa vipimo vinavyouzwa kwa kudai kwamba unywele au tone la damu litaonyesha vyakula vyote vinavyokudhuru. Havitambui seliaki hata kidogo.

Kingamwili zikiwa juu, hatua inayofuata kwa mtu mzima ni endoskopi. Mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vipande vidogo vya utando hunyofolewa, angalau vinne kutoka sehemu ya pili ya utumbo huo na kimoja au viwili kutoka mwanzo kabisa, kwa sababu uharibifu huwa wa madoadoa na kipande kimoja kinaweza kuukosa. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, jijini Kampala, ina kitengo cha endoskopi, na Hospitali ya Rufaa ya Arua ndipo pa kuanzia kupata barua ya rufaa. Mweleze daktari wa endoskopi kabla hajaanza kwamba unachunguzwa seliaki na kwamba vipande hivyo vinahitajika hata kama utando unaonekana mzuri kwa macho. Wengi wanaofanyiwa endoskopi huku kwetu hutafutiwa vidonda vya tumbo, na kamera huweza kurudi bila kipande chochote cha utumbo. Kunyofolewa hakuumi, kwa kuwa utando huo hauna hisia ya maumivu ya namna hiyo. Kero ni kwenye koo, na dawa ya ganzi au ya kusinzia hutolewa.

Kuna madaktari watakaokuambia uruke endoskopi. Kwa watoto, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 inaruhusu hivyo pale tTG-IgA inapozidi kiwango cha kawaida mara 10 au zaidi na kingamwili nyingine, ya EMA, kuthibitisha katika sampuli ya pili. Kwako naona endoskopi ni ya lazima, na sababu yangu ni ya mahali unapoishi. Jiadia, Ukimwi, kifua kikuu na maambukizi ya muda mrefu vinaweza pia kuulaza utando wa utumbo, kwa hiyo hapa kwetu damu peke yake haitoshi, na utando peke yake hautoshi; daktari wa patholojia na daktari anayekutibu wasome majibu yote mawili pamoja. Ikitokea kwamba huwezi kabisa kurudia ngano, kipimo cha jeni kinaweza kusaidia kwa njia moja tu: kama huna DQ2 wala DQ8, seliaki inakuwa karibu haiwezekani. Kuwa na jeni hizo si ugonjwa, maana watu wengi wanazo maisha yao yote bila kuugua.

Unaweza kuniuliza kwa nini usiache tu ngano moja kwa moja ukaepuka gharama zote hizi, ilhali wali na muhogo vipo. Nimeulizwa hivyo na wengi, na jibu langu halibadiliki. Mwenye seliaki anatakiwa kuacha gluteni kabisa na kwa maisha yake yote, hata kiasi kisichozidi punje za unga zilizobaki kwenye kikaango; hakuna mtu anayeweza kuishika amri ya namna hiyo kwa miaka arobaini kwa kukisia tu. Atakula chapati siku ya harusi, hataona dhara la haraka, atakula tena, na utumbo utaendelea kulika huku mifupa ikidhoofika, mimba zikiwa hatarini na, kwa wachache, saratani ya utumbo ikijitokeza. Na asiye na seliaki atakuwa amejinyima bure, huku kichocho chake kikiendelea bila dawa.

Sasa, tuseme umethibitishwa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba ngano na rai ndivyo vinavyodhuru, baada ya wagonjwa wake kupata nafuu wakati wa njaa ya vita ya 1944 hadi 1945 ulipokosekana mkate, na kuzidiwa tena mkate uliporudi. Mpaka leo tiba ni hiyo hiyo, chakula, na hakuna kidonge kinachochukua nafasi yake. Kwa dada yako kule Uingereza mabadiliko hayo ni makubwa, kwa sababu mkate ndio mlo wake. Kwako ni tofauti, na hapa nina furaha kukuambia kwamba sahani ya West Nile iko upande wako: muhogo, wimbi, mtama, mahindi, mchele, viazi vitamu, matoke, maharage, kunde, karanga, simsim, mayai, nyama, maziwa, angara na samaki wengine, mboga na matunda yote hayana gluteni kwa asili yake. Huhitaji kununua unga na biskuti za pakiti zisizo na gluteni, za bei ghali, kutoka maduka makubwa ya Kampala. Vyakula hivyo vya pakiti vilitengenezwa kwa ajili ya watu waliozoea keki na mkate, na vingi vina wanga mtupu. Uji wa wimbi, wenye kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine za kawaida, utaifaa mifupa yako kuliko biskuti hizo. Angalia tu usiegemee muhogo peke yake, kwa kuwa una protini kidogo mno. Kila mlo wa muhogo uwe na maharage, samaki au karanga pembeni. Na chai ya majani isinywewe pamoja na chakula wakati unajenga damu, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma.

Vinavyoondoka vyote unavijua: chapati, rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai), mandazi, sambusa, mkate, keki, biskuti, makaroni, tambi, suji. Visivyojulikana ndivyo vinavyonipa wasiwasi. Mashine ya kusaga inayosaga ngano asubuhi na muhogo mchana itakupa unga wa muhogo wenye ngano. Nunua muhogo mkavu na wimbi mwenyewe, chagua mashine isiyosaga ngano au shayiri, na ikiwa haipo, omba wasage kwanza mahindi ya mtu mwingine kabla ya yako. Unga wa uji wa mchanganyiko unaouzwa kwa ajili ya watoto na wagonjwa mara nyingi huwa na ngano ndani yake, tengeneza wako. Chipsi na muhogo wa kukaanga huingia katika mafuta yale yale ya sambusa na mandazi. Mayai yanayokaangwa juu ya bamba la chapati yamekwisha kuchafuka, hata ukimwambia kijana akuwekee bila chapati. Mchuzi wa pakiti, vipande vya supu, soseji na sosi ya soya visomwe lebo kila mara, kwa sababu ngano huongezwa ili kuzitia uzito. Vinywaji vya unga vyenye kimea cha shayiri viache. Oti hazina gluteni zenyewe, lakini za kawaida husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano, na wagonjwa wachache hudhurika hata na zilizo safi. Kwa mwaka wa kwanza ziweke kando. Bidhaa inayotimiza kiwango cha kimataifa cha kuitwa isiyo na gluteni haizidi miligramu 20 kwa kilo, na nyingine huwekewa alama ya suke la ngano lililopigwa mstari.

Bia za kawaida hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, nazo ziache. Zile zinazotangazwa kuwa za mtama usizichukulie kuwa salama mpaka lebo ikuhakikishie kwamba hazikuchanganywa na shayiri. Kwete, pombe ya kienyeji ya mahindi na wimbi, haina tatizo ikiwa unamjua mpishi wake na unajua kimea chake ni cha nafaka gani. Waragi, kwa kuwa ni kinywaji kilichotoneshwa, haina gluteni.

Nyumbani, kikaango chako, mwiko wako wa mbao na chujio lako viwe vyako peke yako, na kama familia inataka chapati, ikandwe mbali na sufuria yako, kwa kuwa vumbi la ngano huruka. Shuleni, posho na maharage ya mchana vinakufaa. Zungumza na mpishi mapema kuhusu mwiko, na uje na ndizi au karanga za kula wenzako wanapopata mandazi. Kwenye harusi na matanga, kukataa chakula cha mwenyeji ni jambo zito kwetu, na wagonjwa wengi huteleza hapo hapo. Mtangulize mtu wa jikoni kabla ya siku yenyewe, mweleze kwamba ni amri ya daktari, na umwombe akuwekee wali na mboga kabla vijiko havijachanganywa. Ukimweleza mapema hatachukizwa; hukumu ya watu huja pale unaposukuma sahani mezani bila maelezo.

Kuhusu Ekaristi, Kanisa Katoliki lina jibu la wazi. Barua iliyotoka Vatikano mwaka 2003, ikiwa na saini ya Kardinali Joseph Ratzinger, inasema hostia, yaani mkate wa Misa, isiyo na gluteni kabisa si halali, kwa sababu lazima iwe ya ngano, lakini hostia yenye gluteni kidogo sana inakubalika; na mlei asiyeweza kupokea hata hiyo anaruhusiwa kupokea kwa umbo la divai peke yake. Msimamo huo ulirudiwa mwaka 2017. Zungumza na paroko wako faraghani, umwombe kikombe kidogo cha pembeni, si kile ambacho padre ametia kipande cha hostia ndani yake, na upokee kabla watu wengine hawajakinywea. Upokee kwa amani. Hupungukiwi na kitu.

Baada ya kuanza chakula kipya, wengi huona tumbo likitulia ndani ya wiki chache, ingawa maziwa huweza kukusumbua kwa muda mpaka utando upone. Rudia tTG-IgA baada ya miezi sita na baada ya mwaka. Inatakiwa ishuke, na isiposhuka, mahali pa kwanza pa kutafuta ni mashine ya kusaga na mafuta ya kukaangia. Damu, vitamini B12, folati na vitamini D zipimwe pia. Utando wa mtu mzima hupona polepole, wakati mwingine kwa miaka miwili au zaidi, kwa hiyo usikate tamaa ikiwa miezi ya mwanzo ina siku mbaya. Wazazi wako, ndugu zako wengine na watoto wako, kama unao, nao wapimwe damu wakiwa bado wanakula ngano, hata kama hawana dalili. Kwa mtoto, kudumaa au kuchelewa kubalehe kunaweza kuwa ndiyo dalili pekee.

Mwandikie dada yako wiki hii akuombee barua ya daktari wake yenye jina la ugonjwa, majibu ya tTG na majibu ya vipande vya utumbo wake. Ukienda nayo hospitali ya rufaa, daktari atakayekupokea atajua mara moja anachotakiwa kuagiza.